Kinyumenyume Hadi Kisumu

Kisumu,
15 Machi 1976

Kwa wifi Laker,

Salamu kwako na kwa mume wako, huyo ndugu yangu Cleopas ambaye kalamu inamwogopesha kuliko nyundo. Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua lakini chakula hakatai. Natumaini nanyi ni wazima, ingawa mngekuwa wagonjwa ningewasamehe kunyamaza kwenu, na leo sina nia ya kusamehe mtu.

Nimekasirika, Laker. Nalisema mapema usije ukadhani ni mwandiko wangu tu umeharibika.

Tulimzika Baba Januari. Siku ya mazishi watu waliniuliza chombo kiko wapi, nikawajibu kiko Bugolobi, nyuma ya nyumba ya Cleopas, kimekamilika, kinakuja. Sasa ni Machi na wananiuliza huku wakicheka. Baba alimalizia miaka yake akikiunda chombo kile. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba hakiuzwi: kitabeba watu na mizigo kutoka Kisumu hadi Kendu Bay, na kitakachopatikana kitamlisha Mama pamoja na watoto wa marehemu kaka yetu. Mama anakingoja. Ninayemtazama usoni kila jioni ni mimi, si nyinyi.

Halafu jana Onen dereva ananiletea salamu za Cleopas: "Bado tunatafuta trela." Trela gani hilo? Kampala nzima haina trela? Nimeuliza wasafirishaji wa hapa. Wanasema chombo kirefu na kizito namna ile kinataka trela la ekseli tatu, springi nene na breki zake lenyewe, lisisukume lori kwenye mteremko. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, ndio ulale kwenye magogo na ubebe uzito. Nguzo za pembeni ni za kukizuia kisilale tu, mbavu zisibebe kitu. Haya, nimewafanyia kazi yenu. Tafuteni.

Na hili mlijue. Kwetu chombo kipya ni bibi harusi. Kinatoka nyumbani kwa baba yake uso mbele, hakitolewi kinyumenyume kama kitu cha kuibwa. Na aliyekitoa nyumbani ndiye anayekikabidhi kwa maji, si mwingine. Wewe hukuzaliwa Mjaluo, ndiyo maana nakuandikia mapema.

Mpe Onen majibu. Usitie posta, najua barua zenu zinasomwa na wengi.

Ni mimi wifi yako,
Aoko

*

Bugolobi, Kampala,
2 Aprili 1976

Wifi Aoko,

Jambo sana. Mama hajambo? Mwambie magoti apake mafuta ya moto, yale niliyompa wakati wa matanga, asiyaweke kabatini kama zawadi. Sisi tuko. Sukari hakuna, sabuni hakuna, chumvi tunaonja kwa ulimi tu, lakini tuko.

Barua yako nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakasirika vizuri.

Unasema mimi sikuzaliwa Mjaluo. Ni kweli, nyabo, bibi yangu. Mimi ni Mwacholi, mtoto wa kambi ya jeshi, na Kiswahili changu ni cha kambi. Lakini Baba alipokuwa hawezi kupanda ngazi, nani alikuwa anapanda na kumshikia mbao? Alipokuwa hawezi kumeza, nani alimchujia uji? Hukuwa wewe. Ulikuwa Kisumu unaahidi watu boti.

Sasa nikueleze hii maneno ya trela, maana trela ndiyo kazi yangu. Pale uwanja wa malori mimi ndiye naandika ipi inatoka na ipi inarudi. Kama nimekaa miezi miwili bila kuchagua, si usingizi.

Kwanza utauliza kwa nini tusipeleke bandarini Port Bell, hapa karibu. Kila boti inayogusa maji Port Bell siku hizi inageuka ya jeshi. Mwenyewe anapewa karatasi, na akirudi kuulizia anapewa mateke. Kwa hiyo ni barabara, mpaka Kisumu.

Trela ziko tatu. Ya kwanza ni ya magogo: haina springi, haina breki, kila shimo la barabara litapiga boti tumboni. Hiyo nimekataa. Ya pili ni ya miwa, ya hapa kazini. Ekseli mbili tu, lakini nene, tairi pachapacha, springi nzuri, breki inashika, na Onen ndiye anaivuta. Ya tatu ni ya jeshi, ya kubebea magari ya vita. Iko chini, ekseli tatu ziko nyuma kabisa. Ile uliyoota wewe.

Sikia sasa. Baba aliweka injini nyuma, injini ya lori, unajua uzito wake. Trela ya miwa ekseli zake ziko katikati. Nikiweka boti uso mbele, uzito wote unakaa nyuma ya ekseli, mkono wa trela unainuka, na lori likienda mbio trela inacheza kushoto na kulia mpaka itupe kila kitu mtoni. Nikigeuza, injini iende upande wa lori, trela inatulia. Kwa hiyo boti itapanda ya miwa, kinyumenyume. Trela ya jeshi hata usiitaje. Kaka yangu Opoka alikuwa askari. Mwaka sabini na mbili aliitwa kambini asubuhi, akaacha kandambili mlangoni maana alisema anarudi kula. Mimi siombi kitu kwa wale watu, hata maji.

Nimechagua. Mwambie Mama.

Wifi yako,
Laker

*

Kisumu,
20 Aprili 1976

Laker,

Hatujambo, na natumaini hamjambo, na Mama amepaka mafuta. Salamu zimekwisha.

Hapana. Umenisikia? Hapana. Uji wa Baba ulimchujia, na Mungu akulipe, lakini uji haukupi ruhusa ya kumwaibisha marehemu. Nilipokuwa msichana Baba alimwuzia mtu wa Asembo chombo, yule mtu akakivuta kinyumenyume kwa sababu ya haraka zake. Kilizama na watu kabla hakijazeeka. Baba hakula wiki nzima. Na mimi nikipokee hiki kimegeuzwa, nimweke Mama ndani yake?

Mkono wa trela, sijui ekseli katikati, hayo ni matatizo ya trela lako la miwa. Tafuta lingine. Lipo, umeliandika mwenyewe. Jeshi ni watu, na watu huzungumza na watu. Nimemwandikia Cleopas kando, maana naona nyumba hiyo ina mwanamume na hajaulizwa.

Wifi yako,
Aoko

*

Bugolobi,
28 Mei 1976

Wifi Aoko,

Salamu. Sisi bado wazima. Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya kibao jikoni, maana dirisha la mbele linatazamana na askari.

Ndiyo, askari. Ngoja nikueleze ulichofanya.

Mume wangu alisoma barua yako, akaikunja, akaitia mfukoni. Unamjua, wewe ndiye ulimlea mgongoni. Dada akisema, yeye ni mtoto tena. Kesho yake alivaa shati ya kanisani akaenda kwa Kapteni Kamis, yule anayesimamia magari ya jeshi huku eneo la viwanda, akaomba kuazima trela kwa heshima. Aliniambia akiwa amerudi. Sikumpigia kelele. Niliweka sufuria chini nikatoka nje, nikarudi giza limeingia.

Kapteni alikuja Jumapili. Banange, jamani, mtu mpole. Alivua viatu asichafue mbao. Alizunguka boti, akagonga mbavu kwa kidole, akauliza inabeba watu wangapi, injini inakunywa mafuta kiasi gani, nani mwingine ameiona. Akamsifu Baba, akasema fundi kama huyo hazaliwi tena. Halafu akasema kuazima ni maneno ya watu wasiojuana. Trela yake iko magharibi kwa kazi, ikirudi mwezi wa saba ataipeleka boti mwenyewe. Cleopas akauliza, kuipeleka Kisumu? Kapteni akacheka, akampigapiga begani.

Tangu siku hiyo kuna askari getini. Anasema analinda mali ya Kapteni. Kila mpita njia anaambiwa hivyo, mpaka wauza ndizi wanajua. Umepata trela yako, wifi. Ekseli tatu, zimekaa nyuma. Boti itatoka uso mbele kabisa, mpaka mikononi mwake.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Lakini nikuulize kitu, wewe mwenye mila. Trela inaingizaje boti majini? Lori linarudi nyuma, trela inatangulia kuingia ziwani. Kwa hiyo boti yako ikisafiri uso mbele, itaingia majini kwa makalio. Ikisafiri kinyumenyume, ikifika inaingia ziwani uso mbele, inamtazama mume wake. Sasa bibi harusi anaangaliwa wapi, anapotoka au anapofika? Waulize wazee wako. Mimi mtoto wa kambi nangoja.

Wifi yako,
Laker

*

Kisumu,
14 Juni 1976

Laker, wifi yangu,

Tumeipata barua. Mama haijui, nimemwambia trela limepata pancha.

Umeniita mjinga kwa kurasa mbili, ungeweza kutumia mstari mmoja. Sitakujibu hilo. Nilisoma ile sehemu ya kapteni kuvua viatu, nikatoka nikaenda kukata kuni ambazo hatuzihitaji.

Swali lako nimelipeleka kwa wazee. Mmoja akaanza kunifokea kwamba mambo ya vyombo hayaamuliwi na mwanamke wa Kiacholi anayeandika trela. Nikamwambia basi aende yeye Kampala akakilete, nauli nitamtafutia. Akakumbuka ana mbuzi wa kuangalia. Kwa hiyo jibu la wazee ni kwamba wewe una haki. Jibu langu ni kwamba una mdomo.

Sasa nisikilize, na ninaandika nikiwa na hasira ya kweli, si ya mzaha. Redio huku inasema mabaya juu ya nchi zetu mbili kila siku. Wakenya wanaotoka huko wanasimulia mambo. Kiacheni chombo. Kapteni akichukue akafie ndani yake. Nyinyi wawili pandeni basi mje. Mama nitamlisha kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani, tulikuwepo kabla ya chombo.

Mwambie Cleopas hii ni amri ya dada yake, kama anapenda sana kutii dada.

Wifi yako,
Aoko

*

Bugolobi,
Ijumaa, 9 Julai 1976

Wifi Aoko,

Salamu kwako na kwa Mama. Barua hii analeta mume wangu mwenyewe. Ikiwa unaisoma, basi tumeshinda, mpe maji ya kuoga kwanza, ananuka dizeli.

Amri yako nilimsomea. Alisema hawezi kumwachia mwizi kazi ya mikono ya baba yake. Tuligombana wiki mbili. Halafu likaja jambo la Entebbe Jumapili iliyopita, Waisraeli kuvamia uwanja wa ndege usiku, na ugomvi ukaisha, maana sasa wanasema Wakenya ndio waliosaidia ndege za Waisraeli. Jirani yetu wa juu, yule bwana wa Maragoli, Mkenya mwenzenu mwenye kuimba kwaya, walimchukua Jumatatu akiwa na taulo kiunoni. Mke wake anazunguka ofisi zote, anaambiwa hapa hayupo. Jumanne nilimficha Cleopas kwenye boti, ndani ya sanduku la injini. Baba alilifanya kubwa ili fundi aingie akarabati akiwa ameketi. Askari wa getini analinda mali ya Kapteni na hajui kuna mtu ndani. Mimi nampa chai, naye ananiambia habari zote.

Ameniambia trela ya Kapteni imerudi, inakuja kesho. Basi sisi tunatoka leo, saa ya swala. Kapteni na wakubwa wake watakuwa Old Kampala msikitini, simu hakuna wa kushika. Onen anakuja na trela ya miwa. Mimi nimeandika imeenda barabara ya Jinja kuchukua miwa. Askari nitamwambia Kapteni ameamua kutanguliza leo, na kwa kuwa yeye mwenyewe amehubiri mtaa mzima kwamba boti ni ya Kapteni, ataamini maneno yake. Kwenye kila rodibloki ya askari barabarani Onen atasema hivyo hivyo: mali ya Kapteni Kamis. Acha jina lake lifanye kazi siku moja.

Boti inapanda kinyumenyume. Ni kwa uzito, kama nilivyokuambia, lakini ona: sanduku la injini linakuja kubanana na lori, hakuna mahali pa mtu kupenya. Askari akitaka kupekua atapanda kwa nyuma, ambako ni uso wa boti, na pale hakuna kitu ila mbao. Ingekuwa uso mbele kama ulivyotaka, mlango wa sanduku ungekuwa ndio wa kwanza kushikwa. Soma hapo tena, kwa sauti.

Baada ya mto wa Jinja, Onen anajua njia za magendo ya kahawa. Hakuna atakayewauliza karatasi.

Mimi nabaki. Usianze kufoka, sikia sababu. Kapteni akitoka msikitini akakuta nyumba tupu, ataelewa, atapiga simu daraja la Jinja kabla hawajavuka. Akinikuta nimeketi mlangoni nachambua mchele na nywele ziko wazi, nitamwambia, "Afande, watu wako wameshachukua." Atahangaika na watu wake mpaka jioni. Nimekua kambini, najua wanavyoogopa kumwuliza aliye juu yao. Jumatatu napanda basi la Busia. Nimeacha nguo mbili nje, nyingine ziko kwenye boti, usizivae.

Cleopas analia huko ndani, namsikia. Nimemwambia aache kelele.

Kitu kimoja. Msiiingize majini kabla sijafika. Nataka kusimama pale niangalie inavyoingia uso mbele, halafu nikuangalie wewe.

Wifi yako,
Laker

*

Kisumu,
18 Julai 1976

Laker,

Uko wapi?

Salamu sina. Wamefika Jumapili ile, mchana, watu wametoka kanisani. Barabara yote ya kuja ziwani ilisimama kukiona. Makalio mbele, Laker, kimejaa matope ya njia za magendo, na hakuna aliyecheka. Nilifungua sanduku kwa mikono yangu. Nilimtoa mdogo wangu amejikunja hawezi kusimama, na nilimpiga kofi kabla sijamkumbatia, kwa sababu alikuja bila wewe.

Kwenye daraja la Jinja askari walipanda kwa nyuma, kama ulivyosema. Wakapiga uso wa chombo kwa vitako vya bunduki wakasikiliza. Walisikia mbao. Mmoja akauliza cha nani, Onen akasema, wakashuka. Hapo nimesoma kwa sauti, kama ulivyotaka. Nimesoma mbele ya wazee.

Basi la Jumatatu tulilingojea hapa na Cleopas, la Jumanne pia. Tangu hapo kila siku ananiambia anarudi kukutafuta, na kila siku nalala mlangoni asitoke. Mke wa yule Mmaragoli amevuka, anasema hajui, anasema mtaa wenu kila mtu amefunga dirisha.

Kama umekasirika nami, kasirika ukiwa hapa. Sikukuruhusu kubaki. Nani alikuruhusu? Ungeandika uongo kwa Kapteni, ungebandika karatasi mlangoni, ungeacha wakamatwe kwa bahati yao, ungefanya lolote. Mtu mwenye akili ya kugeuza chombo ameshindwaje kugeuza hili?

Onen hawezi kurudi na hatarudi. Barua hii nampa Okeny, Mwacholi mwenzako anayevusha kahawa, ameapa atafika Bugolobi. Jibu. Hata mstari mmoja. Hata tusi.

Wifi yako,
Aoko

*

Kisumu,
5 Desemba 1976

Wifi yangu Laker,

Natumaini hujambo. Naandika neno hilo na kalamu inakataa, lakini sijui namna nyingine ya kuanza barua.

Okeny amerudi mara tatu. Mara ya kwanza alisema nyumba ina kitasa kipya. Mara ya pili, kuna watu wengine, wameanika nguo za askari. Mara ya tatu alinirudishia barua yangu ya Julai. Nimeiweka pamoja na hii. Atabeba zote mbili, nimemwambia asinirudishie tena.

Mama anakula. Amekataa kupaka mafuta mengine, anayamaliza yale yako kidogo kidogo. Cleopas amekonda, anatengeneza mitumbwi ya watu kando ya ziwa. Nguo zako sijazivaa.

Chombo kiko ufukweni, juu ya trela la miwa, kama kilivyotoka kwako. Watu wa Kendu Bay wamekuja mara mbili kuuliza safari zinaanza lini. Wazee walikuja mwezi uliopita. Walisema jua litapasua mbao, kiingizwe, na Cleopas ndiye aliyekitoa nyumbani, basi akikabidhi yeye. Nilikuwa nimefungua mdomo niwatukane, lakini Cleopas alinitangulia. Alisema, "Mimi sikukitoa. Mimi nilikuwa mzigo. Aliyekitoa ni Laker." Hayo ndiyo maneno marefu aliyosema tangu afike. Wazee wakachukua fimbo zao wakaondoka, maana mila ni yao wenyewe.

Kwa hiyo kila asubuhi nashuka ziwani na ndoo, nakimwagilia maji, mbao zisikauke zikaachana. Nakimwagilia na nakutukana. Watu wamezoea, wanapita. Omena nauza mchana, tunakula, usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Tairi mbili zilizama kwenye tope wakati wa mvua. Onen alitaka kuligeuza trela kidogo lipate ardhi ngumu. Nimemkatalia. Tulichimba tukaweka mawe palepale. Lori likiunganishwa ni kurudi nyuma tu, na kitaingia uso mbele, kama ulivyosema.

Wifi yako,
Aoko